Ila Iliyo Katika Kitu Kipya

Ndugu yetu mmoja, mwenyeji wa pwani hii aliyehamia Uingereza zamani, ametuletea barua ndefu ambayo tumeona yafaa kuijibu mbele ya wasomaji wote. Jambo aulizalo limetokea katika nchi ya mbali, na katika chombo ambacho wengi wetu hatukitumii; lakini lamhusu kila anunuaye na kila auzaye. Khulasa ya barua yake ni hii.

Yeye na mkewe walidunduliza fedha miaka mingi, kisha wakanunua karavani mpya, yaani ile nyumba ya magurudumu ikokotwayo nyuma ya motokaa, ambayo watu wa huko huendea mapumzikoni. Bei yake ilikuwa pauni 27,000. Mwezi wa pili tangu kuichukua, mlango wa kabati uling'oka mkononi mwa mkewe. Baadaye bomba likawa lavuja chini ya sinki. Na mvua kubwa ilipokuja, waliona maji yametambaa pembeni mwa dirisha la mbele. Kila walipoirudisha kwa muuzaji walipokewa kwa adabu, wakaambiwa: "Karavani zote ndivyo zilivyo. Dhamana ipo, iacheni tutaitengeneza." Imerudi huko mara nne, na mara ya nne ilikaa majuma tisa hata majira ya joto yakapita. Sasa rafiki yake amempa shauri: aikaushe vyema, aipeleke kwa muuzaji mwingine aitoe kwa kubadilisha na nyingine, wala asiseme neno, kwani hakuna atakayemwuliza.

Ndugu yetu auliza mambo matatu. La kwanza, ni nani aliyemdhulumu, ikiwa yuko aliyemdhulumu? La pili, mtu akikutengenezea kitu bure kila kinapoharibika, je, amekwisha kukupa haki yako? La tatu, je, yafaa afuate shauri la rafikiye?

Haifai kuhukumu jambo kabla ya kulijua. Basi na tuanze na kitu chenyewe.

Karavani ni kitu gani

Jina lake asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya msafara. Waingereza walilichukua wakaliita kwalo gari lililofunikwa, kisha nyumba ya kusafiria. Ya kwanza kujengwa kwa ajili ya starehe ilijengwa Bristol mwaka 1885, kwa amri ya Gordon Stables, mwandishi ambaye kabla yake alikuwa daktari katika jeshi la majini. Nayo ilivutwa na farasi, na uzito wake ulikuwa kiasi cha tani mbili. Za kukokotwa na motokaa zilianza kuuzwa mwaka 1919. Leo sehemu kubwa ya viwanda vyake huko Uingereza iko upande wa Hull na East Yorkshire.

Namna ijengwavyo ndiyo izaayo taabu nyingi. Huanzwa kwa fremu ya chuma yenye ekseli. Juu yake hulazwa sakafu, na sakafu hiyo si mbao nzito bali ni tabaka mbili za plaiwudi zilizogandishwa kwa gundi, katikati mna povu gumu. Aghalabu makabati, vitanda, jiko na mabomba hufungwa juu ya sakafu kwanza. Kisha ndipo kuta husimamishwa kuzunguka, na mwisho paa. Kuta nazo ni tabaka: nje bati jembamba la alumini au plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo, katikati povu, ndani plaiwudi. Zamani mifupa ya kuta hizo ilikuwa ya mbao. Miaka ya karibuni viwanda vingi vimeziacha mbao na kushika vitu visivyooza.

Adui mkubwa wa chombo hiki ni maji. Kila pahali ukuta ukutanapo na paa, kila tundu la skrubu, kila dirisha, taa na mkono wa kushikia, ni mlango wa maji. Na kiyazuiacho ni utepe wa gundi basi. Msomaji wa Lamu au Mombasa aliyepata kumwona fundi akikalafati jahazi, akishindilia pamba baina ya mbao, atafahamu mara moja. Karavani ni jahazi la nchi kavu. Lakini jahazi likivuja, nahodha huyaona maji ngamani siku ile ile. Karavani ikivuja, maji hujificha ndani ya ukuta, na mwenyewe akalala humo miezi au miaka asijue, mpaka plaiwudi ilainike na chumba kinuke koga. Ndiyo maana mafundi wake wana kipimo cha unyevu, ambacho huwekwa ukutani na kuonyesha ni sehemu ngapi katika 100. Ikiwa chini ya 15 huwa hakuna neno. Ikipita 20 hapana budi kuchunguza. Sakafu nayo, gundi ikiachana na povu, hubonyea chini ya mguu na kulia, na mtu aweza kupita juu yake mwaka mzima asitambue ni dalili ya nini.

Kwa nini kitu kipya kitoke na ila? Sababu ni nyingi, na si zote za ubaya. Karavani sharti iwe nyepesi ili motokaa ya kawaida iweze kuivuta; kwa hiyo mbao ni nyembamba na skrubu ni ndogo, na mahali ambapo mti mnene ungesamehe uzembe wa fundi, mti mwembamba hausamehi. Tena kazi nyingi bado ni ya mikono, na vipande hutoka kwa watu mbalimbali: jiko kwa huyu, dirisha kwa yule, choo kwa mwingine. Tena viwanda vina desturi ya kutoa mtindo mpya kila mwaka, na mafundi hawajamaliza kuzijua ila za mwaka jana kabla ya kuletewa za mwaka huu. Na katika miaka ya 2020 na 2021, maradhi ya korona yalipofunga safari za nje, watu wa Uingereza walizikimbilia karavani kwa wingi, na wingi wa wanunuzi haumfundishi mwenye kiwanda subira.

Hatusemi kwamba kila karavani ni mbovu, kwani ziko zilizodumu miaka 30 na wenyewe wangali wazifurahia. Twasema tu kwamba ila zake ni za namna ya kujificha, na kwamba wajengao na wauzao wazijua namna hizo kuliko anunuaye. Hapo ndipo lilipo swali letu.

Nani apaswaye kuisema ila

Swali hili ni la kale. Cicero, mtu wa Roma, alipoandika kitabu chake cha wajibu mwaka 44 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, alitaja ubishi wa wanafalsafa wawili, mwalimu na mwanafunzi wake. Mfanya biashara aleta nafaka kutoka Iskandaria hadi kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa, naye ajua kwamba majahazi mengine yenye nafaka yako njiani. Je, awaambie watu, au anyamaze auze ghali? Akataja na mfano mwingine: mtu auza nyumba yenye mbao mbovu na nyoka vyumbani, wala hapana ajuaye isipokuwa yeye. Diogenes, mwalimu, alisema muuzaji yampasa kusema yale tu ambayo sheria ya mji yamlazimisha. Zaidi ya hapo, kunyamaza si kuficha. Antipater, mwanafunzi, alisema yampasa kusema yote, kwani watu ni jamaa moja, na maslaha ya mmoja si kitu mbali na maslaha ya wengine. Cicero mwenyewe alimfuata Antipater.

Sheria ya Kiingereza kwa muda mrefu ilisimama karibu na Diogenes. Kanuni yake ilikuwa kwamba mnunuzi na ajihadhari mwenyewe. Sheria ya uuzaji wa bidhaa ya mwaka 1893 iliipunguza kanuni hiyo: mtu akinunua kwa mwenye kuuza bidhaa za namna ile, bidhaa sharti iwe ya kufaa kuuzika, isipokuwa mnunuzi akiwa ameikagua, hana dai juu ya ila ambazo ukaguzi ule ulipasa kuzifichua. Sheria yetu ya Kenya ya uuzaji wa bidhaa ilichukua maneno hayo hayo. Baadaye mambo yalizidi kubadilika. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora wa kiasi cha kuridhisha. Na huko Uingereza sheria ya mwaka 2015 yasema wazi kwamba ubora ni pamoja na umaliziaji wa kazi, usalama, kudumu, na kutokuwa na ila ndogo ndogo.

Ama wanavyuoni wetu, wao hawakungojea miaka hiyo. Katika vitabu vya fiqhi mna mlango mzima wa khiari ya ila: mnunuzi akipata katika kitu ila iliyokuwapo kabla ya kukabidhiwa, ipunguzayo thamani au ipotezayo makusudio ya kukinunua, ana khiari ya kukirudisha na kuchukua fedha zake. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, aeleza katika Minhaj kwamba hata muuzaji akishurutisha kuwa yeye hadaiwi kwa ila yo yote, sharti lake halimwokoi, isipokuwa kwa ila ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Tazama uangalifu huo. Mnyama ni kiumbe, na maradhi yake ya ndani hayakutiwa na mkono wa mtu. Kwa hiyo muuzaji asiyejua amepewa udhuru. Kitu kisichokuwa mnyama hakikupewa udhuru huo. Na karavani si ngamia.

Nasi twaongeza hoja moja itokayo katika neno "kipya" lenyewe. Anunuaye kitu kikuukuu hununua kitu pamoja na khatari yake. Ajua kimetumika, hukigonga na kukigeuza, na bei hupunguzwa kwa ajili hiyo. Anunuaye kipya hulipa zaidi; na ile ziada ailipia nini? Mbao ni zile zile na bati ni lile lile. Ziada hiyo ni bei ya kutokuwa na shaka. Amelipa ili asihitaji kulala chini ya fremu na taa mkononi. Basi muuzaji akichukua ziada hiyo kisha akamwambia mnunuzi kwamba ilimpasa kujihadhari, atakuwa amechukua ujira wa kuondoa khatari na khatari yenyewe ameiacha. Wazee wetu walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Walimhadharisha mnunuzi na furaha yake mwenyewe. Hawakumhalalishia muuzaji kuuza kidonda.

Mikono ikiwa mingi

Huenda mtu akasema: Muuzaji hakuijenga karavani, na aliyeijenga hakuiuza. Fundi aliyepaka gundi alipaka dirisha moja katika mengi ya siku ile. Hapana hata mmoja aliyekusudia kumdhulumu ndugu yenu. Basi mtampata wapi mdhalimu?

Twajibu kwamba kutokujua ni kwa namna mbili. Yuko asiyejua kwa sababu hapakuwa na njia ya kujua. Huyo ana udhuru. Na yuko asiyejua kwa sababu hakutaka kutazama, na njia ilikuwa mkononi mwake. Huyo hana udhuru. Desturi ya biashara hiyo ni kwamba muuzaji huikagua karavani kabla ya kuikabidhi: hufungua maji, huwasha gesi na umeme, hujaribu milango na kukaza njugu za magurudumu. Aliyetia alama katika karatasi ya ukaguzi kwa kitu ambacho hakukifungua ameshuhudia asichokiona. Tena tazama maneno ya muuzaji huyu, kwamba karavani zote ndivyo zilivyo. Ayatoa kuwa ni udhuru, na kumbe ni ushahidi juu yake. Ikiwa ajua kwamba zote ndivyo zilivyo, kwa nini hakusema siku ya kuhesabu fedha? Siku hiyo karavani zilikuwa njema zote; zimekuwa "ndivyo zilivyo" baada ya fedha kuingia mfukoni.

Imesimuliwa kwamba Imamu Abu Hanifa alikuwa mfanya biashara ya nguo, na mwenziwe wa biashara aliuza nguo iliyokuwa na ila akasahau kumbainishia mnunuzi, wala mnunuzi hakujulikana tena. Imamu hakusema, "Si mimi niliyeuza." Alitoa thamani ya nguo zile sadaka. Hivi ndivyo afanyavyo mtu ajuaye kwamba agawaye faida ya biashara agawa na lawama yake.

Kwa hiyo jawabu la swali la kwanza ni hili. Fundi aliyefanya kazi kwa uzembe ana sehemu yake, na mwenye kiwanda aliyemharakisha fundi huyo ana sehemu kubwa zaidi. Lakini mwenye kudaiwa mbele ya mnunuzi ni yule aliyepokea fedha yake na kumpa mkono. Sheria ya Uingereza yasema hivyo hivyo: mnunuzi humdai muuzaji, na muuzaji na mwenye kiwanda watajuana wenyewe. Na hiyo ni hukumu ya haki, kwani mnyonge hawezi kupelekwa mlango kwa mlango akitafuta ni nani aliyelegeza skrubu.

Je, kutengeneza ni kulipa

Dhamana ni jambo jema, na atengenezaye upesi na kwa uso mkunjufu ametimiza sehemu ya wajibu wake. Hata fundi hodari kazi yake yaweza kupata ila isiyoonekana na jicho la mtu, na kwa ila ya namna hiyo dhamana ndiyo dawa. Lakini iko ila ambayo jicho la mtu, lau lingetazama, lingeiona: mlango usiofunga, bomba lisilokazwa, dirisha lililokosa gundi pembeni. Kuiacha hiyo ipite kwa kutegemea dhamana ni kumgeuza mnunuzi kuwa mkaguzi wa kiwanda asiye na mshahara. Tena kazi hiyo aifanya kwa siku zake za mapumziko na kwa petroli yake.

Tena kutengeneza hakurudishi kila kilichopotea. Majuma tisa ya majira ya joto hayatengenezeki. Kitu kilichofumuliwa mara nne si kitu kipya tena, ingawa kinang'aa. Hasa chombo ambacho kabati lake lilifungwa kabla ya ukuta kusimama, kwani kulitoa ni kulivunja. Tena ziko ila zisizo za subira: gurudumu lililolegea njiani au gesi ivujayo usiku haimngojei fundi wa Jumatatu. Wanavyuoni walilijua hili. Ndiyo maana walipompa mnunuzi khiari hawakusema ni lazima akubali kutengenezewa, bali walisema ana haki ya kurudisha. Na pale ambapo kurudisha kumezuiwa, kama kitu kupata ila nyingine mikononi mwa mnunuzi, walimpa haki ya fidia ya upungufu.

Sheria ya mwaka 2015 nayo yafuata njia iliyo karibu na hiyo. Katika siku 30 za mwanzo mnunuzi aweza kuikataa bidhaa yenye ila na kurudishiwa fedha. Baada ya hapo muuzaji hupewa nafasi moja ya kutengeneza au kubadilisha. Akishindwa, mnunuzi aweza kukataa au kutaka bei ipunguzwe. Na ila ikionekana kabla ya miezi sita kupita, huhesabiwa ilikuwapo tangu mwanzo, ila muuzaji athibitishe vinginevyo. Basi ndugu yetu alipoirudisha mara ya pili, ya tatu na ya nne, alikuwa akitoa kwa upole kitu ambacho hakudaiwa. Upole ni sifa njema. Lakini upole usiojua haki yake humfundisha mwingine kudhulumu. Nasi katika madhehebu ya Shafii twafundishwa kwamba mwenye kuiona ila asikawie. Aendeleapo kukitumia kitu kana kwamba hapana neno, huhesabiwa ameridhia. Siku 30 ni chache kwa maji yafichwayo na ukuta, na kwa hiyo yampasa mnunuzi akague mapema, aandike kila aonalo na tarehe yake, na apeleke dai kwa barua wala si kwa mdomo.

Kunyamaza wakati wa kuuza

Sasa twafika katika swali la tatu, na kwetu sisi ndilo kubwa kuliko yote. Kwani katika mawili ya kwanza ndugu yetu ni mdai, na katika hili yeye ndiye atakayedaiwa.

Rafiki yake ana hoja tatu. Asema hapana atakayeuliza. Asema ndugu yetu amedhulumiwa, na haki yake kurudisha fedha yake. Asema pia kwamba atakayeichukua ni mfanya biashara mwenye kipimo cha unyevu, na aitazame mwenyewe. Hoja hizi si za kupuuzwa, na hatutaficha kwamba sheria ya Uingereza yampendelea kidogo rafiki huyu: mtu wa kawaida auzaye kitu chake halazimishwi kutaja ila asiyoulizwa, maadamu hasemi uwongo. Hapa sheria imesimama na Diogenes.

Lakini tazama yale yaliyosimuliwa juu ya Mtume, rehema na amani zimshukie. Alipita sokoni akatia mkono katika chungu ya nafaka, vidole vyake vikakuta umaji chini. Mwenye nafaka akasema ni mvua iliyoilowesha. Mtume akamwuliza kwa nini hakuiweka juu watu wapate kuiona, akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika wafuasi wake. Twaomba msomaji azingatie mambo mawili katika kisa hiki. Mtu yule hakutia maji. Mvua ilitia, na hakulaumiwa kwa mvua. Tena hakusema uwongo, wala hapana aliyemwuliza. Kosa lake lilikuwa kuweka kavu juu na mbichi chini.

Na shauri la kuikausha karavani kisha kunyamaza ni nini, kama si kuweka kavu juu? Kipimo kitaonyesha 14 siku ya kuuza, na mvua ya kwanza itaonyesha 25. Hii ndiyo namna ya wale waliomfunga ngamia jike matiti siku kadhaa ili mnunuzi aone ana maziwa mengi. Na jambo hilo lilikatazwa kwa jina lake, ijapokuwa maziwa yalikuwa ya kweli na ngamia alikuwa wa kweli.

Ama kusema kwamba amedhulumiwa na ataka haki yake, ni kweli. Lakini haki yake iko kwa aliyemdhulumu. Huyo muuzaji wa pili hakumkosea, na familia itakayoinunua baada yake haimjui hata jina. Akinyamaza atakuwa amemsamehe mdeni wake na kumtoza mpita njia. Na ama kusema kwamba mfanya biashara ana kipimo, sisi tumekwisha kumhukumu muuzaji wa kwanza kwa kuwa alijua asiseme. Hatuwezi kubadilisha mizani leo kwa sababu aliyeshika kitu ni ndugu yetu.

Hatusemi kwamba jambo hili ni jepesi. Akiitaja ila atapoteza fedha nyingi, na fedha hizo zilikusanywa kwa miaka. Ndiyo maana twamwambia asiiuze sasa, bali amrudie muuzaji wa kwanza kwa barua, ataje siku za kurudisha na maneno aliyoambiwa, na adai ama fedha yake ama upungufu wa thamani. Ikiwa alilipa sehemu yo yote kwa kadi ya mkopo, na bei haikuzidi pauni 30,000, sheria yao ya mwaka 1974 yampa haki ya kumdai na mwenye kadi pia. Akishindwa kote huko, basi aiuze na ila yake imetajwa, kwa bei ya kitu chenye ila. Khasara itakayobaki ni dhulma aliyofanyiwa, na malipo yake yako kwa Mwenye kulipa. Akinyamaza, khasara ile ile itakuwa dhulma aliyoifanya yeye.

Neno kwa wasomaji

Wasomaji wetu wengi hawatanunua karavani maisha yao. Lakini hapa kwetu twauziana motokaa zilizozama katika mafuriko na kupakwa rangi. Twauziana nyumba zenye chokaa mpya juu ya ukuta uliolowa. Na fundi huulizwa amalize lini kabla ya kuulizwa amefanyaje. Na aliyeuziwa kitu kibovu, jambo la kwanza alifikirialo ni nani atakayemwuzia naye. Hivyo ila moja hupita mikononi mwa watu kumi, na kila mmoja hujiona amedhulumiwa, na hapana ajionaye amedhulumu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nao ufa wa uaminifu huzibwa na yule mmoja akubaliye kusimama na khasara yake na kusema kweli.

Kwa mafundi twataja kisa alichokileta Imamu Ghazali katika Ihya. Mshona viatu alimwuliza Ibn Salim namna ya kusalimika katika kazi yake. Hakuambiwa aombe sana wala atoe sadaka nyingi. Aliambiwa asawazishe nyuso mbili za kiatu, asikitengeneze cha kulia vyema kuliko cha kushoto, atie kijazo kizuri, na akaribishe mishono. Dini ya fundi, katika saa zake za kazi, ni mshono wake. Na ya mpaka gundi ni ile pembe ya dirisha ambayo hapana atakayeiona.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe macho ya kuziona ila za tunavyovitengeneza kabla ya kuvitoa mikononi mwetu, na ndimi za kuzitaja kabla ya kupokea thamani yake. Wabillahi tawfiki.